Sikununa, Mwanaidi

Mbezi, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Huku wazima, Baba Shabani yupo na goti lake, joto ndiyo lile lile. Barua hii nampa Zuhura, anapanda treni ya Morogoro Jumanne. Ukiona mwandiko umepinda ujue nimekaa kibarazani, daftari nimelilaza pajani.

Nimesikia kwa Mama Fadhili kwamba umeumia. Eti nimejitoa kwenye grupu la harusi ya mdogo wako usiku wa manane, bila hata kwaheri, kamati nzima ikaona "Tatu ameondoka". Kujitoa nimejitoa. Ila sikununa, na wala si harusi yenu peke yake. Usiku ule nilitoka kwenye magrupu kumi na saba. Nilikuwa nabonyeza tu kama mtu anayechambua mchele, na la kwenu likaenda pamoja na chuya.

Ilianza na presha. Nilimpeleka Kibibi zahanati, kikohozi, nikaona foleni fupi nikasema na mimi nipimwe. 160 kwa 100. Muuguzi akaniambia, mama, punguza mawazo. Nikamuuliza nipunguze na nini, mkasi? Akacheka. Mimi sikucheka. Nikarudi nyumbani nikatoa lile daftari la michango, unalijua, lenye gamba la bluu lililoliwa na mende. Tangu Januari: harusi tisa, sendofu nne, kipaimara kimoja, na arobaini ya mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani kwetu. Shilingi 1,340,000. Hapo sijaweka sare.

Sare ndizo zilizonimaliza. Nilifungua kabati nikatoa magauni moja moja, nikayatandaza kitandani. La kijani la kwa Asha, la zambarau la mtoto wa mjumbe, lile la rangi ya dhahabu la Tabata ambalo fundi alinibana kwapa mpaka nikashindwa kuinua mkono kucheza. Kumi na moja, Mwanaidi! Kila moja limevaliwa siku moja. La Tabata bado lina doa la mchuzi kifuani. Baba Shabani akasimama mlangoni, akaniuliza kama nafungua duka.

Basi nimeanza kupunguza. Luku nanunua mara moja kwa mwezi, siyo za elfu mbili mbili halafu tunakimbizana na giza. Maharage nachemsha ya wiki nzima, nagandisha kwenye makopo. Kariakoo Jumamosi siendi tena hata kitu kishuke bei vipi, maana nikipiga hesabu ya nauli na foleni ya Ubungo, huko kushuka sikuoni. Simu ikifika saa tatu usiku inapanda juu ya kabati. Siku ya kwanza nilikaa tu namsikiliza jirani anasukutua, nikajiuliza, hivi kumbe miaka yote anasukutua hivi?

Lakini nirudi kwenye harusi, ndiyo inayoniuma. Mimi sijasahau. Mama alipofariki 2019 ulikuja kwa basi, treni ya umeme bado ndoto, ukashuka umevimba miguu, ukalala mkekani siku zote za matanga. Hukuja na bahasha, ulikuja na ungo wako kwapani. Mchango nikikopa naweza kuulipa. Ule ungo sijui naulipaje.

Kwa hiyo ahadi yangu iko palepale. Nilishatoa 50,000, hiyo 100,000 iliyobaki namtumia mhazini wenu mwisho wa mwezi. Sare sishoni, usinichukie. Kama ni ile bluu niliyoiona kabla sijatoka, ninalo la bluu la harusi ya Pili, atakayeona tofauti ni fundi tu. Na nitakuja siku tatu kabla, nimenye vitunguu saumu, nipepete mchele, nilale hapo hapo jikoni. Nauli ya treni 13,000, saa mbili hazijaisha niko Moro, kisingizio cha foleni sina. Vikao tu ndiyo sivitaki, vile vya kubishania soda za chupa au za kopo mpaka usiku wa manane.

Na Shabani naye ana miaka ishirini na sita. Kesho kutwa ataleta mtu, nani atamchangia kama mama yake amekunja mkono? Hilo linaniamsha usiku, sikufichi. Baba Shabani anasema tutapika pilau hapa uani, watu hamsini, basi. Kwake rahisi, atakayesemwa si yeye.

Hebu niambie, mama yako amesema nini? Shemeji yako kanisema sana kwenye kikao? Au ndiyo wamenifuta hata kwenye orodha ya kadi? Ukumbi mmepata ule wa Msamvu? Hiyo bluu ni ya bahari au ya sare za shule? Na wewe presha umepima lini? Ule ungo bado unao, au nije na wangu?

Nijibu kwa Zuhura, anarudi Ijumaa. Au piga, ila kabla ya saa tatu.

Wako,
Tatu