Tusitupe makapi ya chungwa

Ndugu Mhariri,

Siku hizi watu wanashauriana kuchemsha maganda ya machungwa na kunywa maji yake ili kuyeyusha mafuta ya tumbo. Tunaomba nafasi tulieleze jambo hili.

Kinachosifiwa hapo ni hesperidini, flavonoidi (kemikali ya asili ya mimea) iliyo tele kwenye ganda, kwenye nyama nyeupe iliyo chini yake na kwenye ngozi za vipande. Haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo nyingi hubaki kwenye maganda yanayomwagwa. Ganda la nje nalo huweza kuwa na mabaki ya dawa za shambani.

Hata ukiila, utumbo mwembamba hauna kimeng'enya (protini inayovunjavunja vitu mwilini) cha kuitenganisha na sukari ya ramnosi iliyoshikamana nayo. Inashuka nzima hadi utumbo mpana. Huko bakteria ndio wanaoikata, na kinachobaki, hesperetini, kinaonekana kwa wingi kwenye damu saa 5 hadi 7 baada ya kula. Kwa hiyo wawili wakigawana chungwa moja hawafaidi sawa: kila mtu ana bakteria wake, na antibiotiki huwapunguza.

Sasa mtazame mteja wa machungwa pale barabarani. Muuzaji amemenya ganda la kijani kwa kisu, ameacha weupe, amekata nusu. Mteja anaminya, anafyonza, anatupa makapi. Ametupa hesperidini pamoja na pektini, aina ya nyuzinyuzi ambayo bakteria haohao huichachusha na kutoa butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Lile chungwa litafunwe, weupe na ngozi zake vimezwe. Ukikamua glasi ya mililita 250 na kuichuja, unabaki na sukari ya gramu 20 hivi, na nyuzinyuzi karibu hakuna.

Je, hesperidini inashusha sukari ya damu au kolesteroli? Kwa panya wa maabara imeonekana hivyo, mara nyingi kwa dozi kubwa. Kwa binadamu majibu yanapishana. Mgonjwa wa kisukari asiache metformini kwa sababu ya chungwa.

Balungi ni habari nyingine kabisa. Lina furanokumarini, kemikali zinazozuia kimeng'enya cha kuvunja dawa kwenye ukuta wa utumbo, hivyo simvastatini (dawa ya kolesteroli) au nifedipini (dawa ya shinikizo la damu) hupanda kwenye damu kupita kiasi. Athari hiyo huweza kupita saa 24, kwa hiyo kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii. Anayetumia dawa hizo aliache balungi, au amuulize mfamasia kwanza.

Wadau wa lishe,
Tanga