Mwambie daktari habari ya pikipiki

Marahaba, mwanangu.

Tangu uliponiambia kwamba sikio la kushoto linalia kama nyenje kila ukilala, hata mimi silali vizuri. Umesema daktari alichungulia ndani, akakuta kiwambo cha sikio kizima, hakuna nta wala usaha, akakuruhusu. Lakini hukumweleza habari ya pikipiki, na hiyo ndiyo inayonikaa moyoni. Pasaka ile ulianguka na pikipiki, ukaangukia kidevu. Wakakushona nyuzi tatu, kidonda kikapona, tukasahau. Ulipokuja Krismasi nilikusikia mezani: kila ukipanua kinywa taya linalia ka! upande huohuo. Nilinyamaza, na najilaumu.

Weka kidole mbele ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa ufunge. Kinachotembea hapo ni kichwa cha mfupa wa taya, na ukuta unaokitenga na sikio ni mwembamba. Mtu akiangukia kidevu, pigo hupanda mpaka hapo. Nikiwa muuguzi nimewahudumia vijana wengi wa bodaboda. Wapo waliovunjika taya karibu na sikio huku kidevuni wana mchubuko tu. Na hata mfupa usipovunjika, kile kisahani kilichomo ndani ya kiungo huweza kuhama. Mara nyingi ndicho kinacholia ka.

Sasa sikio linaingiaje? Mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya kutafunia ndio unaoendesha pia kamsuli kadogo kanakokaza kiwambo cha sikio. Tena habari zake hufika kwenye kituo cha kwanza cha sauti ndani ya ubongo. Kiungo kikiumia na misuli ikikakamaa, mtu anaweza kusikia mlio ambao haupo nje. Jambo hili si geni: mwaka 1934 daktari Mmarekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa wa masikio ambao shida yao aliihusisha na taya. Maelezo yake ya chanzo yalikuja kupingwa, ila wagonjwa wa namna hiyo bado wapo.

Jaribu kuuma meno, au kusukuma taya mbele, uone kama mlio unabadilika. Huo si ushahidi kamili, maana mlio wa sababu nyingine nao huweza kubadilika hivyo. Lakini mwambie daktari.

Nenda kwa daktari wa meno, umwombe akupime taya na kukupiga picha. Kwa sasa acha miwa, mahindi ya kuchoma na jojo. Kula mtori, uji, ndizi laini. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto, na ukipiga miayo shikilia kidevu. Dada yako anasema unasaga meno usingizini. Hilo nalo liseme, huenda wakakutengenezea kinga ya kuvaa usiku.

Ila usikivu ukipungua ghafla, au mlio ukianza kwenda na mapigo ya moyo, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hela ya picha nimeshatuma kwenye simu. Ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako