Kabla hujapanda meli, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Baba yako hajambo, nami sijambo, ila usingizi umenipungua tangu uliponiambia umeshalipia safari ya siku kumi melini. Bahari siiogopi. Ninachokiogopa ni siku ya kwanza, saa saba mchana, wewe una njaa na sinia la tambi liko mbele yako, nawe una mambo mawili kwa pamoja: mzio wa maziwa, na siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochokozwa na gluteni, ile protini iliyomo kwenye nafaka za ngano, shayiri na rai.

Siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na watu hawaitilii maanani. Mizigo mikubwa mnaikabidhi gatini, na huenda isifike mlangoni kwako mpaka jioni. Vyumba bado vinasafishwa. Abiria maelfu wanaelekezwa kwenye bafe kwa wakati mmoja. Taarifa zako zimo kwenye kompyuta ya meli, sawa, lakini kijana anayepakua wali nyuma ya kaunta hajaziona na wala hakujui. Kwa hiyo begi la mkononi, lile utakaloingia nalo mwenyewe, liwe na mlo mmoja kamili uliofungwa vizuri, pamoja na dawa zako zote. Ukila chako mchana huo hutakuwa umepoteza kitu. Bafe itakuwepo kesho.

Halafu kabla hujaenda kulitazama bwawa la kuogelea (najua utataka), nenda ukumbi mkuu wa chakula, ule wenye vitambaa mezani, umuulizie mhudumu mkuu. Meli nyingi humweka mtu pale mchana wa siku ya kwanza kwa ajili ya wanaotaka kubadilishiwa meza na wenye mizio. Fomu uliyojaza ulipokata tiketi ni muhimu, kwa sababu meli hupakia vyakula kwenye bandari inakoanzia, na huko katikati hakuna duka la kukimbilia. Wasipojua mapema, mkate wako haumo. Ila fomu haipiki. Anayepika ni mtu, na anayemwambia mpishi ni mtu mwingine, na huyo lazima akujue kwa sura.

Hili ndilo lililonikalisha kuandika, mengine ni nyongeza. Meli ina migahawa sita au minane, vibanda vya pizza, kaunta za aiskrimu, baa, na chakula cha kuletewa chumbani usiku. Huwezi kujieleza kwa watu wote hao kila siku ukabaki na sauti. Tafuta mtu mmoja, mhudumu mkuu wa upande wako wa ukumbi, ajue habari zako zote, na chakula chako kipitie kwake. Wakikupa nafasi ya kuchagua, chukua saa maalumu na meza ileile kila jioni, hata kama rafiki zako wanapenda ule utaratibu wa kula popote saa yoyote. Jioni ya kwanza utajieleza. Ya pili watakuuliza wao. Kuanzia hapo, ukimaliza kula mhudumu atakuletea menyu ya kesho uchague mapema, na jikoni wataanza chako kando tangu mwanzo, badala ya kukwangua krimu juu ya samaki aliyekwisha kuandaliwa. Wasipoileta menyu hiyo, iombe. Si upendeleo, ni jambo wanalolifanya kila safari.

Unakumbuka safari yetu ulipokuwa na miaka tisa? Wewe unakumbuka pomboo. Mimi nakumbuka usiku wa nne. Mhudumu wetu, yule aliyekuwa akikukunjia kitambaa umbo la sungura, alihamishiwa upande mwingine wa ukumbi kwa jioni moja tu. Aliyeshika nafasi yake akaja na uso unaong'aa, akaweka mbele yako keki ya chokoleti. "Haina unga hata chembe," akasema, na alisema kweli. Ilikuwa siagi, mayai na chokoleti. Nami mama yako, niliyekuwa nimesoma lebo miaka mitatu mfululizo, nilifurahi mno kukuona umeletewa keki kama watoto wengine, hata sikuuliza. Vijiko viwili tu. Midomo ikavimba, ukaanza kukohoa, tukashuka ngazi mbio hadi zahanati, ghorofa za chini kabisa, baba yako amekubeba na kiatu kimoja kimebaki ukumbini.

Yule kijana alilia. Sikumlaumu siku ile na simlaumu sasa. Alikuwa ameambiwa mambo mawili akashika la kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye siliaki na mzio wa maziwa pamoja: neno la kwanza likishakaa kichwani mwa mtu, la pili halipati kiti. Kwa hiyo usiseme "sili gluteni" ukanyamaza, halafu maziwa ukayakumbusha baadaye. Yaseme kwa pumzi moja, na utaje vitu vyenyewe badala ya majina ya kitaalamu: ngano, shayiri, rai, siagi, krimu, jibini, mtindi, maziwa ya unga. Malizia kwa kusema mayai unakula, maana wengi huyahesabu mayai pamoja na maziwa, na utanyimwa kifungua kinywa bure. Yaandike kwenye kadi pia, kwa Kiingereza chepesi. Jikoni ya meli ina watu wa mataifa mengi, na wengi wao lugha ya kazini ni ya kujifunza.

Na zamu zikibadilika, anza upya. Hata kama ni siku ya tisa na umechoka kujisikia ukisema.

Vyakula vyenyewe vina mitego ambayo ingechekesha kama si tumbo lako. Ukiomba kahawa yenye maziwa yasiyo ya ng'ombe, huenda ukaletewa ya oti, na oti huchanganyika na ngano na shayiri shambani na kiwandani, isipokuwa pakiti iwe imeandikwa wazi kwamba haina gluteni. Ukiyakataa, utaletewa yasiyo na laktosi, ambayo ni maziwa ya ng'ombe yaleyale, sukari yake tu imevunjwa. Protini inayokudhuru wewe haijaguswa. Mkate usio na gluteni unaweza kuwa umetiwa maziwa ya unga. Mlo wa wasiokula chochote cha mnyama utakuepusha na siagi, kisha ukute ile "nyama" yao ni seitan, yaani gluteni tupu iliyokandwa ikaungwa viungo. Risoto ni mchele, lakini humaliziwa kwa siagi na jibini. Steki hutoka jikoni inang'aa, na mng'ao huo mara nyingi ni siagi. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Vijiti vya kaa bandia navyo huwa na ngano. Supu nzito, usiulize ina nini, uliza imefanywa nzito kwa kitu gani.

Vipakiti vidogo, geuza usome hata kama wamekwambia ni salama. Angalia pia vimetoka wapi. Umoja wa Ulaya unalazimisha vizio 14, yaani vyakula vinavyoleta mizio, vitajwe, na nafaka zote zenye gluteni zimo pamoja na maziwa. Marekani orodha ni ya vizio 9. Ngano na maziwa vimo, shayiri haimo. Kwa hiyo pakiti ya Kimarekani isiyotaja ngano inaweza kuwa na kimea cha shayiri ndani, na hakuna sheria ya vizio iliyovunjwa. Maneno "haina gluteni" ndiyo ya kutafuta. Pande zote mbili yana maana kwamba gluteni haizidi miligramu 20 kwa kilo. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Piga hesabu mwenyewe makombo yanatosha nini.

Kwa sababu ya makombo hayo, bafe usiiamini sana. Si kwamba wapishi ni wazembe. Abiria wenzako ndio tatizo: mtu anachukua mkate kwa koleo, analitumbukiza koleo hilohilo kwenye saladi, anaondoka anapiga mluzi. Kama ni lazima ule pale, nenda dakika ile inapofunguliwa, kabla koleo hazijaanza kutembea, au mwombe mpishi akupakulie kutoka kwenye chombo kipya huko nyuma. Chipsi ni viazi na mafuta, lakini uliza kama mafuta hayo yamekaangia pia kuku aliyevingirishwa kwenye unga. Moto hauiui gluteni, maana gluteni si mdudu. Tosta ya watu wote usiisogelee. Mayai yaliyovurugwa kwenye sinia kubwa achana nayo, huwa yametiwa maziwa, na mahali pengine hata rojo la chapati za maji ili yawe laini. Omba ya kuchemsha, au ya kukaangwa kwa mafuta kwenye kikaango kisafi.

Ile dawa ya kutakasa mikono mlangoni mwa bafe isikudanganye. Imewekwa kwa ajili ya vijidudu, haiondoi protini. Sabuni na maji ndivyo vinavyoondoa, na ukigusa kijiko kilichoshikwa na watu mia kabla yako, nenda ukanawe ndipo ule kwa mkono.

Siku za kushuka bandarini, kula vizuri asubuhi kabla hujatoka. Matunda, nyama na chakula cha jikoni kwa kawaida hawakuruhusu kuvishusha, kwa sababu za karantini ya mazao na mifugo ya nchi mnayofikia. Pakiti zilizofungwa kiwandani kwa kawaida hazina shida, zibebe. Usitegemee kupata mkahawa unaoelewa mambo yako ndani ya saa tano za kutembea na saa moja ya kutafuta njia ya kurudi.

Mezani utapangwa pengine na wageni, na atakuwepo mmoja wa kukuambia kwamba hizi ni fasheni za siku hizi. Ukitaka, mwambie habari za Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Katika baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika nchini kwake, na watoto waliokuwa wakidhoofika kwa ugonjwa huu wakaonekana kupata nafuu. Mkate uliporudi wakaumwa tena. Fasheni ya miaka themanini. Usipotaka, mpe tabasamu uendelee kula. Mimi ningemweleza, lakini mimi ni mama yako.

Kichefuchefu cha bahari kitakuchanganya. Wimbi likipiga tumbo litageuka, nawe utaanza kupekua kumbukumbu ya kila ulichokula. Baki na utulivu, tafuta hewa, angalia upeo wa macho. Lakini midomo ikiwasha, koo likibana, au ukikohoa bila sababu, usingoje kujua ni bahari au ni siagi. Choma sindano ya adrenalini hapohapo, kisha uite zahanati. Sindano zako zote mbili uwe nazo karibu kila saa, hata ukienda kuogelea zikae kwenye mfuko juu ya kiti pembeni, na rafiki mmoja ajue kuzitumia. Zisifungiwe kwenye sefu ya chumbani. Nimeona watu wakifanya hivyo kama vile ni mikufu ya dhahabu.

Mwisho wa safari, ule bakshishi wa kawaida unakatwa wenyewe kwenye hesabu ya chumba kwenye meli nyingi, lakini huyo mtu wako mmoja mpe cha mkononi, kwenye bahasha, na uandike jina lake kwenye ile karatasi ya maoni. Wakubwa wake huisoma.

Nimekuwekea kwenye begi la mkononi pakiti sita za biskuti zako, zile za boksi la kijani, na chupa ndogo ya sosi ya soya isiyo na ngano. Biskuti usizigawe. Mara ya mwisho ulizimaliza na rafiki zako kabla gari halijafika bandarini.

Mama yako.