Uliniita Barghash

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu hupokei, na ujumbe wangu unausoma ukanyamaza. Shangazi ameshanikanya nisitoe ya nyumbani nje. Nimemwambia nitachuja. Sijui kama nitaweza.

Ile Agosti ya 2019 ulikuja kwa siku 9 tu, mama ana miezi mitatu kaburini. Siku ya kwanza ulilala. Ya pili, watu wamekuja kukupa pole, wamekaa barazani na kahawa zao, wewe ukataka nikupeleke Beit al-Sahel, lile kasri la masultani wa Unguja lililogeuzwa makumbusho, ukaone chumba cha Bibi Salme, binti wa Sultani Said. Nikasema twende, huenda utapumua.

Kijana aliyetutembeza alijua kuhadithia. Salme kazaliwa Mtoni 1844. Wasichana wa kwao walifundishwa kusoma tu, kuandika akajifunza mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mie mfupa ule ndio ulioniingia moyoni. Ana miaka 15 akawa ndiye mwandishi wa barua za kaka yake Barghash, walipotaka kumpindua ndugu yao Sultani Majid. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, ana mimba ya Mjerumani wake. Mume akafa kwa ajali ya tramu 1870, akamwachia watoto watatu. Aliporudi Unguja 1885, Barghash ndiye aliyekuwa kitini, akakataa kumpokea. Kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata, hukohuko Ujerumani unakoishi wewe.

Hapo ndipo ulipoanza kulia. Ulilia kwa sauti, makamasi mpaka kwenye mtandio niliokuazima. Mama hukumlilia hivyo, nilikuwa nakutazama tangu uwanja wa ndege, jicho kavu. Yule kijana akatoa simu akajitia anasoma. Kisha ukanigeukia, mbele yake na watalii wawili: "Na wewe ni Barghash tu."

Wallahi, ningekuwa na pa kujificha.

Najua ulikusudia nini. Sikukwambia kwamba figo za mama zimekwisha. Lakini ni yeye aliyenikataza: "Mwache, atakuja kupoteza kazi." Ningemvunjaje? Aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka msalani saa nane za usiku ni nani? Nilidhani tuna miezi, kumbe tulikuwa na siku 11. Tena ukitaka haki, Barghash naye alikuwa na lake: dada aliyemwandikia barua ndiye huyohuyo aliyekwenda akapatana na Majid. Simtetei. Nasema tu kwamba kijana hakuifikia hiyo, maana ulikuwa unalia.

Nakunasihi kama dada yako, usifuge kinyongo ugenini, huko huna hata jirani wa kukupoza. Piga simu kwa watu. Mie nilipiga. Nilipiga Idi zote mbili, na nilipiga uliponyanyuka uzazini, nikamsikia mtoto analia nyuma yako kabla hujakata. Jina lake nimeambiwa na watu baki.

Chumba cha mama sijakipangisha, na wawili wameshauliza. Ufunguo uko palepale. Ila ukija nambie wiki moja kabla, godoro la kitanda cha dirishani limeingia panya.