Barua kwa Waziri wa Kazi wa Kenya: tibuni mkono kwanza, mgombane baadaye

Mheshimiwa Waziri,

Mdogo wangu alikatwa vidole viwili na mashine ya kukunja mabati huko Mlolongo. Mnyapara alimkimbiza hospitali kwa bodaboda, akalipa pesa za kumlaza, hatukumwona tena. Kampuni inasema huyo si mfanyakazi wake, ni kibarua wa kontrakta. Kontrakta anasema yeye alileta watu tu. Bima nayo inasubiri hao wawili wakubaliane alikuwa wa nani.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 nimeisoma, si kwa kupenda. Inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na inamtwika gharama za matibabu. Bima imepewa siku 90 kulipa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Ajira. Jumlisha siku hizo, Mheshimiwa, ukijua kwamba kidonda cha huyu kijana hubadilishwa bandeji kila siku ya pili.

Na bandeji ni pesa taslimu. Keshia wa hospitali ukimweleza habari za faili la madai anakuuliza, "Unalipa na M-Pesa?" Harambee tumefanya, ng'ombe wa mama ameuzwa. Mazoezi ya mkono ameyaacha kwa kukosa pesa, na vidole vilivyobaki vimeanza kukakamaa. Siku daktari atakapopima asilimia ya ulemavu, ambayo ndiyo fidia hufuata, atapima na huo ukakamavu. Kwa hiyo hata bima inajiongezea deni kwa kuchelewa! Sijui nani huwapigia hesabu.

Ombi langu si fidia kabla ya uamuzi. Naomba sheria ibadilishwe ili bima ya mwenye eneo la kazi ilipe hospitali moja kwa moja tangu siku ya kwanza, kisha wao kwa wao wadaiane. Na madai yakiwa bado kwa Mkurugenzi, hospitali isimfuate majeruhi.

Daftari la vibarua la siku ile tumeambiwa limepotea. Mimi ninazo jumbe za M-Pesa za malipo yake ya wiki sita, na jina la aliyetuma linasomeka. Nitazileta ofisi yoyote nitakayoitwa.

Wako,
Dada wa majeruhi