Barua kwa mwanangu meneja: korosho za Machi

Newala, Jumapili 10 Agosti 2025

Mwanangu, mama yangu,

Salamu zako za Ijumaa nilizipata, marahaba. Huku sote wazima, mguu wa bibi yako umepungua kuvimba na anatembea mpaka barazani. Naandika kwa sababu simu ulikata upesi ukaingia kikaoni, nikabaki na neno langu mdomoni, na tangu hapo usingizi ni wa mang'amung'amu.

Ulisema mkurugenzi amekukabidhi mpango wa biashara wa miaka mitatu wa kiwanda chenu cha kubangua korosho uupitie, uandike sehemu ya uendeshaji, utie saini, halafu mwezi ujao mwende nao Dar es Salaam kwa watu wa benki. Nimewaambia majirani wote. Mjomba wako alipita jana nikamwambia naye, akakaa kimya kidogo, akasema katika ukoo wetu hajawahi kusikia mtu kukabidhiwa jambo la namna hiyo, mwanamume wala mwanamke. Furaha yangu ijue kwanza, maana nitakayoyasema sasa yataonekana kama sikufurahi.

Lile jedwali ulilomtumia mdogo wako akuhakikie hesabu, nami nimelisoma. Nilivaa miwani nikalipitia mstari kwa mstari, yeye akinikuzia maandishi kwenye simu. Hesabu zinajumlika. Tani 2,000 kwa mwaka, siku 250 za kazi, tani 8 kwa siku. Lakini tani za Novemba ni sawa na za Machi, na za Machi ni sawa na za Agosti, na fedha ya kununulia korosho ghafi nayo imekatwa mafungu kumi na mawili yanayolingana. Mwanangu, korosho za Machi mtazipata wapi?

Wewe umezaliwa chini ya mikorosho, sikufundishi msimu. Minada inafunguliwa Oktoba, na Januari ikiisha mkulima hana kitu ghalani. Basi kila gunia mtakalolibangua Machi, Mei, Julai, mpaka mnada mwingine ufunguliwe, liwe limeshanunuliwa na kuingia kwenye ghala lenu kabla ya Februari. Chukua hata ile bei ya 2018, shilingi 3,300 kwa kilo. Tani 2,000 ni shilingi bilioni 6.6. Fedha hiyo inatakiwa mkononi ndani ya miezi mitatu au minne, na ukishinda mnada unatakiwa kulipa ndani ya siku chache, kwa sababu mkulima naye ana ada za shule zinamsubiri. Hakuna chama cha msingi cha wakulima kitakachowawekea mzigo mpaka Juni mje kuuchukua kidogo kidogo. Na humo mnadani hamko peke yenu. Kuna wanaonunua kupeleka ghafi India na Vietnam, wenye fedha tayari. Mkopo wenu ukitoka Desemba, korosho nzuri za mwanzo wa msimu zimeshaondoka, mtabakiwa na zile zilizonyeshewa.

Kwa hiyo jedwali la fedha lisiwe la mwaka lililogawanywa kwa kumi na mbili. Liandikwe upya mwezi kwa mwezi, fedha inayotoka na inayoingia, na lianze Oktoba. Hapo utaona mwenyewe kwamba kuanzia Oktoba hadi Januari kiwanda kinatoa tu, na riba inatembea juu ya mzigo uliolala ghalani mpaka kilo ya mwisho iuzwe. Benki wataliuliza hilo. Wasipoliuliza, liulize wewe.

Uliniambia mpango umeandikwa na mshauri elekezi kutoka Dar, mtu mwenye shahada mbili, na kwamba mambo ninayoyasema mimi ni ya zamani. Sawa. Mimi ni wa darasa la saba. Lakini mimi nimekaa kwenye meza ya kubangua, na kiwanda nilichofanyia kazi kiliishiwa mzigo Februari. Yaliyofuata nyumbani unayajua, sina haja ya kuyarudia. Nataka ujue moja tu ambalo sikuwahi kukuambia. Tulikuwa tumeahidiwa kazi ya mwaka mzima, na ahadi ile iliandikwa na mtu mwenye cheo kama chako. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alitusalimia kila asubuhi na majina yetu aliyajua. Aliandika mwezi wa Machi bila kwenda ghalani kuhesabu, basi.

Ndiyo maana nasema, kabla hujashika kalamu, ushuke chini na mpango mkononi. Usiwaite watu ofisini, wataitikia tu. Wafuate walipo.

Anza na mwenye ghala. Korosho ikikaa inakauka, inapungua uzito. Gunia lililoingia na kilo 80 Novemba halitapimwa kilo 80 Juni. Jedwali lenu linabangua kilo zilezile zilizonunuliwa, hakuna hata kilo moja iliyopotea. Mwenye ghala ana daftari la mapokezi na la kutoa, mwombe ulinganishe msimu uliopita.

Kisha nenda kwa kijana wa boila. Mzigo ukishapigwa mvuke unatakiwa upumzike upoe mpaka kesho yake ndipo ubanguliwe. Ukiharakishwa unavunjika, na mvuke ukizidi karanga, ile korosho ya ndani ya ganda, inaungua rangi. Mpango unasema mtaongeza tani bila kuongeza boila wala sehemu ya kupoozea. Muulize yeye kama inawezekana, na akikuambia haiwezekani usimwone mvivu. Muulize pia umeme ukikatika katikati ya mvuke inakuwaje, jenereta inawaka baada ya muda gani, na dizeli yake imeandikwa wapi. Mimi sikuiona.

Halafu kaa mezani na wanawake. Kaa kabisa, siyo kusimama mlangoni. Kilo 100 za ghafi zinatoa kilo 20 hadi 25 za karanga, na jedwali limechukua 25 kwa mwaka mzima kama vile kila gunia ni la kwanza. Zikitoka 22, tani zenu 500 za karanga zinakuwa 440. Hizo tani 60 ndizo faida yote niliyoiona pale chini. Tena wamekisia karibu zote zitatoka nzima. W320 maana yake ni karanga nzima zisizozidi 320 kwenye ratili moja, karibu nusu kilo; kipande hakiingii humo, na bei ya kipande siyo bei ya nzima. Anayebangua akiongezewa kilo za kufikisha bila kuongezewa malipo, anakimbiza mkono, na mkono ukikimbia vipande vinaongezeka. Hilo halihitaji shahada.

Na mafuta ya ganda, mwanangu, yale yanayounguza ngozi. Mikono yangu unaifahamu. Glovu na mafuta ya kupaka wameyaficha kwenye «mengineyo». Yatoe humo, uyape mstari wake, na uweke kiasi cha kila mwezi. Kikiwa kwenye mengineyo, siku fedha ikibana ndicho kinachokatwa cha kwanza.

Usidhani napinga kiwanda kukua. Mimi ndiye ninayetamani kuliko wote korosho ya Newala ibanguliwe hapa hapa. Tangu nipate akili nasikia tunasafirisha ghafi, tunauza na ajira ya watoto wetu ndani ya gunia, na viwanda vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikageuka maghala. Kila anayekuja kubangua namwombea dua. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki cha kwenu kife mwaka wa pili.

Babu yako mzaa baba alikuwa kibarua Nachingwea wakati wa ule mradi wa Mwingereza wa kulima karanga, hizi njugu, na alikuwa akieleza sana habari zile, nafikiri wewe ulikuwa mdogo. Walianza mwaka 1947, wakitaka kulima mamilioni ya ekari za Tanganyika, Kongwa, Urambo na huku kwetu. Walioandika ule mpango walikuwa wasomi wakubwa, nao walizunguka nchi kwa wiki chache tu. Kule Kongwa kiangazi kilipofika udongo ukashikana ukawa mgumu, karanga hazing'oki, na mvua haikunyesha kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikaacha. Hata reli waliyoijenga kutoka pwani hadi Nachingwea ikaja kung'olewa, ikabaki bandari ya Mtwara, ambayo nanyi mtaipitishia mzigo wenu. Babu yako alisema wenyeji walijua mvua zao, lakini hakuna aliyewauliza. Wewe una watu wa kuuliza, na wanakuita dada.

Weka pia ukurasa wa mambo yasiyotazamiwa. Mshauri ameandika «hatari ni ndogo» akapita. Mwaka 2018 nani aliandika mwezi wa nane kwamba msimu ukifunguliwa wakulima watakataa bei ya mnada, na Novemba Rais Magufuli aamue serikali inunue korosho zote, na wanajeshi waje kubeba magunia? Na mwaka jana Mei mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, magari yalilala njiani na vitu vikapanda bei mpaka huku mlimani. Vipuri vyenu vinatoka Dar. Andika: barabara ikikatika, tuna vipuri vya muda gani stoo? Bei ya ghafi ikipanda juu ya kiwango fulani, tunaacha kununua au tunapunguza tani? Dola ikishuka wakati mishahara ni ya shilingi, tunafanya nini? Majibu yawe na namba na yawe na jina la anayeamua. Meneja wa uendeshaji ndiye atakayeamshwa usiku, basi aandike akiwa macho.

Mkurugenzi anaweza kukasirika ukimrudishia kitabu kina kalamu nyekundu. Mjomba wako anasema nisikutie ujeuri kazini, cheo ni kipya na wapo wanaokitaka. Anasema pia kwamba siku ile ya simu nilikupandishia sauti bila sababu, na yeye alikuwepo anasikia. Mimi nasema nenda kwake kwa adabu, peke yenu, kabla ya kikao. Usimsute mbele ya watu. Mpelekee njia mbili: hii ya tani 2,000 yenye fedha yote mkononi kufikia Oktoba, na nyingine ya tani chache ambazo mna hakika ya kuzilipia, mbangue hadi Juni, kisha miezi inayobaki iwe ya matengenezo na likizo inayojulikana mapema. Watu wakijua mapema kwamba Julai hakuna kazi, watalima, watauza mihogo, watajipanga. Kinachoua ni kuambiwa «subirini mzigo» wiki baada ya wiki. Hata hiyo miezi ya kupumzika, waandikie kitu. Naona mishahara ya ofisini imeandikwa miezi kumi na miwili, ya mezani imeandikwa «kulingana na uzalishaji». Nimeisoma mara nyingi sehemu hiyo. Machi ikija ghala tupu, wewe utalipwa, wao hawatalipwa, na saini itakuwa yako.

Najua utasema mama unanirudia jambo lile lile. Nalirudia.

Huku mikorosho imetoa maua mazuri, ya bondeni kuliko ya barabarani. Salfa ya ruzuku tulipata, lakini bomba la kupulizia la jirani liliharibika, ikabidi tukodi, na upande wa mwembe mkubwa ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umeshagusa. Mdogo wako amepulizia vizuri, mwambie ahsante ukimpigia, kwangu haoni kama ni sifa. Matokeo yake yametoka kama ulivyosikia. Usimtafutie kazi hapo kiwandani kwenu. Nilikwambia zamani nitafurahi mkifanya kazi pamoja, sasa naona haifai, watasema umejaza ndugu. Amalize mafunzo ya ufundi umeme kwanza.

Mfereji wa bati upande wa jikoni umeachia, na mvua zikianza maji yote yatamwagika nje ya kisima wakati dumu tunanunua. Fundi ametaja bei, nimemwambia asubiri nikuulize, maana hela uliyotuma ilikwenda kwenye salfa na bomba. Siyo lazima mwezi huu, ila isipite Oktoba. Na bibi yako anaulizia ile miwani, amekumbuka kwamba ulimwahidi.

Ijumaa ulikohoa kwenye simu. Kama unashinda karibu na chumba cha kukaushia, ule moshi wa maganda si mzuri, funga kitambaa.

Nijibu hilo la Machi kabla hujasafiri kwenda Dar. Piga jioni, mchana mtandao unasumbua. Ukiwa hujapata jibu kwa mwenye ghala, niambie hivyo hivyo kwamba hujapata.

Kwenye mfuko kuna ming'oko, makopa na kunde. Kunde hazijakauka sawasawa, zianike tena siku moja kabla hujazitia kwenye debe. Ming'oko mpelekee na mama mwenye nyumba wako nusu. Dereva wa basi nimeshamlipa, usimpe tena.

Mama yako