Barua kwa mwanangu: kula ugenini

Mwanangu mpendwa,

Sitaki ufike nchi za watu uishie kula mkate na chipsi za hotelini kwa kuogopa tumbo. Jua hili kwanza: ugeni wa chakula hauumizi tumbo. Kinachoumiza mara nyingi ni chakula kilichopoa kikakaa.

Bakteria huzaliana upesi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi. Kwa hiyo sinia la wali lililopikwa asubuhi likaachwa mezani hadi mchana ni la kuogopwa kuliko nyama inayotoka kwenye mkaa ukiiona. Na wali ndio uuangalie zaidi, maana ukikaa nje kwa muda kuna bakteria anayeacha sumu humo, na sumu hiyo haitoki hata ukipashwa moto upya. Ndiyo sababu kibanda chenye foleni ya wenyeji mara nyingi hukishinda bafe yenye vifuniko vinavyong'aa: pale chakula hakipati muda wa kukaa. Kabla ya kuuliza bei, tazama mikono ya mpishi. Anayepokea hela ndiye huyo huyo anayeshika chakula? Nyama mbichi na kachumbari vinakatiwa ubao mmoja? Sufuria inafuka mvuke au ni vuguvugu tu? Jibu likiwa baya, ondoka, hata kama harufu inakuita.

Barafu nayo ni maji. Kuganda hakuui vijidudu, hivyo pasiponyweka maji ya bomba, kataa barafu na mboga mbichi zilizooshwa kwa maji hayo. Tunda limenye mwenyewe. Mikono ioshe kwa sabuni, kwani jeli ya spiriti haiviwezi virusi vyote vya kuharisha.

Sasa mzio wako wa karanga. Usiseme "sili karanga", watadhani unachagua tu. Mwombe mwenyeji akuandikie kwenye karatasi, kwa lugha yao: "Nikila karanga naweza kufa. Je, zimo kwenye mchuzi au kwenye mafuta ya kukaangia?" Karatasi hiyo ifike jikoni, isiishie kwa mhudumu. Wasipokuelewa, kula kwingine.

Saa za kula pia hutofautiana. Hispania chakula cha mchana huanza kama saa 8 na cha usiku saa 3, kwa hiyo ukitoka na njaa saa 12 jioni utakuta majiko mengi yamefungwa. Mchana hapo uliza menú del día: kwa bei moja unapata sahani ya kwanza, ya pili na kitindamlo, na kwa kawaida mkate na kinywaji.

Kwenye bili ndiko wageni wengi wanakoumia. Ureno utawekewa mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza. Ukivila unalipia, kama huvitaki waambie waviondoe. Italia kuna coperto, ada ya kila anayeketi mezani, na huandikwa kwenye menyu. Huko huko samaki mara nyingi huandikiwa bei ya gramu 100, all'etto, si ya samaki mzima. Samaki wa gramu 800 ni mara nane ya bei uliyoisoma, basi apimwe ukimwona kabla hajaingia jikoni. Marekani bei ya menyu kwa kawaida haina kodi, na mhudumu hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Japani usiache chochote. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale. Ile ya kwenu hubadilishwa kwa kiwango cha kukukamua.

Tumbo likichafuka, koroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi, unywe kidogo kidogo. Chumvi isizidi hapo. Ukiona damu au homa kali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ukiharisha, nimezitia kwenye mfuko wa kando wa begi lako, pamoja na sabuni.

Akupendaye,
Mama yako